Kubatilisha ndoa au kudai talaka? Ulinganisho kwa aliye Tanzania Bara

Mtu anayeuliza namna ya kubatilisha ndoa mara nyingi anatafuta njia fupi ya kutoka. Amesikia kuwa ukibatilisha hupelekwi kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, husubiri miaka miwili, na hakuna atakayekuita mtalaka. Hayo yana ukweli ndani yake. Asichoambiwa ni kwamba njia hiyo iko wazi kwa watu wachache, kwamba kwa baadhi ya sababu inafungwa baada ya mwaka mmoja tu, na kwamba mwenye nyumba au kiwanja walichochuma pamoja anaweza kujikuta pabaya kuliko aliyedai talaka. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafungua shauri na ana nafasi ya kuchagua.

Sheria ninayoizungumzia ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Inahusu Tanzania Bara, na inagusa ndoa zote: ya kanisani, ya Kiislamu, ya kimila na ya bomani. Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Waislamu huko huamuliwa kwa Kadhi.

Swali la kwanza: kasoro ilianza lini?

Kabla hujasema mume ni mlevi au mke ana mwanamume mwingine, jiulize jambo moja. Siku ile mnafunga ndoa, kasoro hii ilikuwepo?

Kubatilisha ndoa ni kuiambia mahakama kuwa kasoro ilikuwepo tangu siku ya kufunga. Kudai talaka ni kusema ndoa ilifungwa sawasawa, lakini imevunjika na haitengenezeki tena. Kutengana kwa amri ya mahakama ni kusema ndoa ipo, ila hatuwezi kuishi nyumba moja. Kipigo kilichoanza mwaka wa tatu, usaliti, kutelekezwa, ulevi uliokuja baada ya kupoteza kazi, vyote hivyo ni vya talaka au utengano. Hata viwe vizito namna gani, havibatilishi ndoa.

Nimeona watu wakipoteza miezi kwa sababu ya kuchanganya hapa. Wanaandika maombi ya kubatilisha na ndani yake wanasimulia maisha ya ndoa mwanzo hadi mwisho, bila kugusa hata kidogo siku ya ndoa yenyewe. Hakimu hana cha kufanya nayo.

Batili, na inayoweza kubatilishwa

Ndani ya kubatilisha kwenyewe kuna matawi mawili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika.

Tawi la kwanza ni ndoa batili, iliyo kwenye kifungu cha 38. Hii kwa macho ya sheria haikuwahi kuwepo, hata kama palikuwa na shela, keki na kamati ya harusi ya watu arobaini. Ni batili ikiwa mmoja wenu hakuwa na umri wa kuoa au kuolewa. Ikiwa ninyi ni ndugu wa damu, au mna ukaribu mwingine uliokatazwa. Ikiwa mmoja tayari alikuwa kwenye ndoa isiyoruhusu nyingine. Ikiwa ridhaa haikutolewa kwa hiari. Ikiwa hamkuwepo wote wawili. Ikiwa hapakuwa na mashahidi wawili wanaofaa. Au ikiwa mlikubaliana waziwazi kuwa ni ndoa ya muda. Kama aliyefungisha hakuwa na mamlaka, nayo ni batili, isipokuwa ninyi, au hata mmoja wenu, mliamini kwa dhati kuwa anayo. Kinga hiyo ni ya haki: bibi harusi hana sababu ya kuadhibiwa kwa leseni ya mtu mwingine.

Mbili kati ya hizo zinastahili kuangaliwa kwa karibu.

Ya kwanza ni ndoa juu ya ndoa. Chukua mwanamume aliyefunga ndoa kanisani Moshi. Hajaachana na mkewe kwa amri ya mahakama. Anahamia Dar es Salaam, anabadili dini, anafunga ndoa nyingine msikitini. Sheikh ana leseni, mashahidi wapo, cheti kimetoka, na bado ndoa ya pili ni batili kwa kifungu cha 15, kwa sababu ile ya kwanza ni ya mke mmoja. Kubadili dini peke yake hakuigeuzi. Sheria inaruhusu ndoa ya mke mmoja kugeuzwa kuwa ya wake wengi kwa tamko la hiari la mume na mke wote wawili mbele ya jaji au hakimu mkazi, na hata hilo halifanyiki kwa ndoa ya Kikristo wakati wote wawili bado ni Wakristo. Mke wa pili ambaye hakujua lolote ndiye anayeumia zaidi hapa, na nitamrudia kwenye suala la mali.

Ya pili ni ridhaa. Kifungu cha 16 kinasema ridhaa si huru kama mtu alishurutishwa au alitendewa hila, kama hakuelewa ile ni sherehe ya nini, au kama alikuwa na maradhi ya akili au amelewa kiasi cha kutotambua anachokifanya. Msichana aliyeambiwa na baba yake kuwa akikataa mama yake atafukuzwa nyumbani ana hoja nzito. Lakini si kila uongo wa uchumba ni hila ya kubatilisha ndoa. Mchumba aliyejisifu ana duka Kariakoo kumbe ni la kaka yake amekudanganya kweli, ila ulijua unafunga ndoa na unafunga na nani. Usijenge shauri zima juu ya duka.

Kuhusu umri, maandishi ya kifungu cha 13 yaliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, huku mahakama ikiweza kuruhusu hata miaka 14. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Kwa hiyo kama uliozwa ukiwa chini ya miaka 18, usikubali jibu la haraka la karani kwamba "kumi na tano inatosha". Mtafute wakili au msaidizi wa kisheria na hukumu hiyo iwe mezani. Na kama ulikuwa mwanafunzi wa msingi au sekondari, kuna kosa la jinai pia: tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi.

Tawi la pili ni ndoa inayoweza kubatilishwa, kifungu cha 39. Hii ni ndoa halali kwa kila kitu mpaka siku mahakama itakapoitengua. Sababu zake ni hizi: wakati wa kufunga ndoa mmoja hakuwa na uwezo wa tendo la ndoa, mmoja alikuwa na vipindi vya wazimu au kifafa vinavyojirudia, mmoja alikuwa na ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza, mke alikuwa na mimba ya mtu mwingine, mmoja amekataa kwa makusudi kushiriki tendo la ndoa tangu mlipooana, au mke alikuwa chini ya miaka 18 na ridhaa ya mzazi au mlezi haikupatikana.

Sababu ya kukataa tendo la ndoa ndiyo pekee inayohusu jambo lililotokea baada ya harusi. Na ile ya kutokuwa na uwezo husababisha mkanganyiko mkubwa: kutoweza tendo la ndoa si sawa na kutopata mtoto. Ugumba na utasa si sababu ya kubatilisha ndoa popote kwenye kifungu cha 39. Ndugu wa mume wanaomwambia mke "ndoa hii tutaibatilisha, miaka mitatu hujazaa" wanamtisha kwa kitu ambacho sheria haiwapi.

Kifafa kuwekwa kapu moja na wazimu ni jambo linaloniuma. Kifafa kina dawa, na maelfu ya watu wanaishi nacho, wanafanya kazi na kulea watoto. Mwaka 1971 waliotunga walikuwa na uelewa wa wakati wao. Kama una kifafa na unachumbiwa, mweleze mwenzako mapema, tena mbele ya mtu wa tatu unayemwamini. Ukishasema, mlango huo unafungwa, kwa sababu aliyejua hawezi kulalamika.

Maana sababu tatu kati ya hizo, yaani wazimu au kifafa, ugonjwa wa zinaa, na mimba ya mwingine, zina masharti yake. Lazima mlalamikaji awe hakujua wakati wa kufunga ndoa. Lazima afungue maombi ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ndoa. Na baada ya kugundua asiwe ameshiriki tendo la ndoa na mwenzake kwa hiari. Mume anayegundua mwezi wa nne kuwa mimba si yake, akasamehe, wakaendelea kulala pamoja, kisha ugomvi mwingine ukamrudisha kwenye mimba ile mwaka wa pili, amechelewa kwa namna mbili. Tena si mtoto yeyote aliyefichwa. Mke aliyezaa kabla, akamwacha mtoto kwa bibi yake Singida bila kumwambia mchumba, hayumo kwenye kifungu hiki. Linalotajwa ni mimba iliyokuwa tumboni siku ya ndoa.

Mambo ambayo hayabatilishi kitu

"Hajamaliza mahari, kwa hiyo hatujaoana." Sentensi hii imevunja mioyo mingi bila sababu. Kifungu cha 41 kinasema wazi kuwa kutokamilisha taratibu za mahari au zawadi hakugusi uhalali wa ndoa. Vilevile kutosajili ndoa, kutotoa notisi ya kukusudia kuoana, au dosari nyingine ya utaratibu. Mume anayemwambia mkewe baada ya miaka kumi kwamba "cheti hakikusajiliwa, wewe si mke wangu" hana msingi.

Talaka: ndefu, lakini imekamilika

Msingi wa talaka ni mmoja tu: ndoa imevunjika na haitengenezeki. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi: uzinzi, hasa ukirudiwa au ukiendelea licha ya kulalamikiwa; ukatili wa mwili au wa akili kwako au kwa watoto; kupuuzwa kwa makusudi; kutelekezwa angalau miaka mitatu; kutengana miaka mitatu; kifungo cha miaka mitano au zaidi; maradhi ya akili yasiyo na tumaini la kupona, yaliyothibitishwa na madaktari wawili. Orodha hiyo haifungi mlango kwa mengine.

Vikwazo viwili vya mwanzo ndivyo vinavyowafanya watu watamani kubatilisha. Kifungu cha 100 hakiruhusu kudai talaka kabla ndoa haijafikisha miaka miwili, mpaka upate kibali cha mahakama kwa kuonyesha kuwa unapitia mateso yasiyo ya kawaida. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha.

Uthibitisho huo una umbo lake. Ni Fomu Namba 3, na isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua maombi. Si barua ya mtendaji, si muhtasari wa kikao cha ukoo, si karatasi yenye muhuri inayosema "tumewasikiliza, waende mbele". Mashauri ya talaka yamefutwa hata baada ya kusikilizwa yote, yakiwa kwenye rufaa, kwa sababu fomu haikuwepo au haikusema kuwa baraza limeshindwa kusuluhisha. Ukipewa, isome palepale. Iwe na majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, tarehe, sahihi ya mwenyekiti, na maneno kwamba usuluhishi umeshindikana.

Kuna misamaha ya kutokwenda barazani: mwenzako amekutelekeza na hujui alipo, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita, ameitwa barazani akakataa kwa makusudi, yuko kifungoni kwa miaka mitano au zaidi, au kuna mazingira ya pekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Mke anayepigwa asidhani ni lazima akae benchi moja na anayempiga. Aieleze mahakama.

Kwa Waislamu kuna jambo la kuzingatia. Talaka aliyoandika mume, hata ikipita BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), haimalizi mambo kwa upande wa serikali. Baraza la BAKWATA ni baraza la usuluhishi, linasuluhisha na kuthibitisha. Likishathibitisha kushindwa, na kisha talaka ikatolewa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, kifungu cha 107(3) kinaiwezesha mahakama kutoa amri ya talaka bila kutaka ushahidi zaidi. Lakini mahakamani ni lazima mfike.

Kutengana

Hili hupuuzwa, na kwa wengine ndilo linalofaa. Amri ya utengano inawaondolea wajibu wa kuishi pamoja, inaruhusu kugawanywa kwa mali, na inaacha ndoa ikiwa hai. Huwezi kuoa au kuolewa kwa sababu hiyo. Sharti la miaka miwili na lile la cheti cha baraza yameandikwa kwa ajili ya talaka. Kwa Mkatoliki ambaye dhamiri yake haimruhusu talaka lakini nyumba imekuwa si salama, utengano unampa ulinzi wa mahakama bila kumgombanisha na imani yake. Na miaka mitatu ya kutengana baadaye ni ushahidi wa talaka, akibadili mawazo.

Kwa anayetaka kuona kwa haraka:

| | Kubatilisha | Talaka | Utengano |
|---|---|---|---|
| Kasoro | Ya siku ya ndoa, au kukataa tendo la ndoa | Ya maisha ya ndoa | Ya maisha ya ndoa |
| Muda | Mwaka 1 kwa baadhi ya sababu | Baada ya miaka 2, au kwa kibali | Hakuna sharti la miaka 2 |
| Cheti cha baraza | Hakitakiwi | Kinatakiwa | Sharti halikuandikwa kwa utengano |
| Kifungu cha 114 (mali) | Hakitaji | Kinataja | Kinataja |
| Ndoa nyingine | Ruksa | Ruksa | Hapana |

Mali: hapa ndipo pa kufikiri mara mbili

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja inapotoa amri ya utengano au talaka. Soma tena maneno hayo mawili. Kubatilisha hakumo.

Kwenye talaka, tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Mke aliyepika, akalea, akasimamia mafundi huku mume yuko kazini ana pa kusimama hata kama jina lake haliko kwenye hati. Anayebatilisha anaweza kujikuta akitafuta haki hiyohiyo kwa njia ya kuzunguka.

Kama ndoa yako ni ile inayoweza kubatilishwa, kumbuka kuwa ni halali mpaka itenguliwe, kwa hiyo una uchaguzi wa kweli. Tuseme mume amekataa tendo la ndoa miaka minne na ndani ya miaka hiyo mmejenga nyumba Kibaha. Unaweza kubatilisha kwa kifungu cha 39. Unaweza pia kudai talaka, ukieleza kuwa ndoa imevunjika kwa sababu hiyohiyo, na kifungu cha 114 kikawa chako moja kwa moja. Mimi ningemshauri dada huyo achukue talaka, avumilie baraza, na akae na nyumba yake kwenye meza ya mgawanyo.

Kama ndoa ni batili kabisa, talaka haipo, kwani hakuna ndoa ya kuvunja. Hapo ndipo mke wa pili wa yule bwana wa Moshi anapohitaji kifungu cha 160. Kifungu hicho kinajulikana kwa dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria inadhania wameoana. (Miezi sita inayosemwa mitaani haimo kwenye sheria.) Dhana inaweza kupinduliwa, kwa mfano ikionekana mume alifungwa na ndoa nyingine. Lakini kifungu kidogo cha pili kinasema ikipinduliwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri kama ambazo ingetoa ndoa ikivunjwa. Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyochapishwa kwenye juzuu ya maamuzi ya mwaka 1994, ilithibitisha kuwa mgawanyo wa mali waliyochuma pamoja ni mojawapo ya amri hizo. Kwa hiyo maombi yako ya kutangaziwa kuwa ndoa ni batili yasiishie hapo. Omba na haya, kwenye hati ileile.

Aliyeoana miezi mitano tu, bila mtoto, bila kiwanja, bila mkopo wa pamoja, hana sababu ya kuhangaika na sehemu hii. Kwake kubatilisha kunaweza kuwa ndiyo njia safi.

Watoto

Hofu ya wazazi wengi ni kwamba ndoa ikibatilishwa mtoto atakuwa wa nje. Amri ya kubatilisha haimvui mtoto uhalali wake, na matunzo yake hayategemei kama wazazi walikuwa na ndoa halali, talaka au hawakuoana kabisa. Katika malezi, njia zote tatu zinaishia mahali pamoja: kwanza maslahi ya mtoto, na kwa aliye chini ya miaka saba kuna dhana kuwa ni vema awe na mama, ingawa inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Kanisani

Kanisa Katoliki halitoi talaka, lina Mahakama ya Kanisa inayochunguza kama ndoa ilikuwa halali tangu mwanzo. Sababu zake zinakaribiana na za serikali kwa baadhi ya mambo, kama kulazimishwa, kifungo cha ndoa ya awali, au kutoweza tendo la ndoa, lakini zinakwenda mbali zaidi: mtu aliyeapa huku moyoni ameazimia kutozaa kamwe au kutokuwa mwaminifu, au aliyekuwa hajakomaa kiakili kubeba wajibu wa ndoa. Unaanzia kwa paroko, unaandika maombi, mashahidi wanasikilizwa, na kuna mtetezi wa kifungo cha ndoa ambaye kazi yake ni kutoa hoja za kuitetea ndoa. Kabla ya Desemba 2015 ilibidi hukumu mbili zikubaliane. Baba Mtakatifu Fransisko aliondoa sharti hilo na kuweka njia fupi mbele ya askofu kwa mashauri yaliyo wazi.

Hukumu ya Kanisa haina nguvu serikalini, na ya serikali haina nguvu kanisani. Anayetaka kufunga ndoa nyingine madhabahuni atahitaji zote mbili. Anza na ya serikali kama kuna mali, watoto au usalama wako mashakani, kwa kuwa Kanisa haliwezi kutoa amri ya matunzo.

Ukiamua kubatilisha

Mahakama Kuu, Mahakama ya Hakimu Mkazi, ya Wilaya na ya Mwanzo zote zimepewa mamlaka ya mashauri ya ndoa na kifungu cha 76. Shauri lenye mgogoro wa ridhaa au ushahidi wa kitabibu ningelipeleka Wilaya au kwa Hakimu Mkazi, pamoja na wakili. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mahakamani kwenyewe utaelekezwa.

Andaa cheti cha ndoa au ushahidi wa sherehe, na maelezo mafupi yanayotaja sababu moja au mbili tu zilizomo kwenye vifungu vya 38 au 39, na tarehe uliyogundua. Tarehe hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko. Sababu ya uwezo wa tendo la ndoa au ugonjwa inahitaji daktari. Ya mimba huenda ikahitaji kipimo cha vinasaba (DNA), na kipimo hicho hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi yanayopitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Ya ndoa juu ya ndoa inahitaji cheti cha ile ya kwanza, ambacho unaweza kukifuatilia RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) au kanisani ilipofungwa.

Hata mwenzako akikubali kila kitu, hakimu hatatoa amri kwa maneno ya makubaliano. Atataka ushahidi, kwa sababu ndoa si mkataba wa watu wawili kuuchana wanapochoka.

Waliofunga ndoa Kenya wasitumie ulinganisho huu kama ulivyo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kwa wote, na maombi ya kubatilisha hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa kufungwa.

Hukumu ikitoka, asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa. Usiweke tarehe ya harusi nyingine ndani ya siku hizo. Chukua nakala ya hukumu na ya amri iliyogongwa muhuri, hakikisha RITA wamepata taarifa, na uhifadhi nakala ya pili mahali pengine mbali na nyumbani, kwa kuwa ofisi utakayokwenda kufunga ndoa inayofuata itataka kuiona.